Krispi ya mapichesi imekugomea? Anza kwa kuuliza maji yamekwenda wapi

Krispi ya mapichesi ni kitamu cha nyumbani kilichozoeleka sana Marekani wakati wa kiangazi chao: matunda yaliyokatwa vipande chini, chenga za unga, oti, sukari na siagi juu, vyote vikaingia ovenini pamoja. Haina kukanda wala kusukuma, na haihitaji hamira. Kwa sababu hiyo ikiharibika mtu hubaki ameduwaa, maana haoni hatua ngumu ya kulaumu. Mimi naamini karibu kila kasoro yake inatokana na maji: yametoka mengi mno kwenye tunda, hayakuchemka inavyotakiwa, au yamepanda kwa mvuke yakalowesha chenga. Ukishajua maji yamefanya nini, dawa haiko mbali.

Vipimo nitakavyovitegemea hapa ni vya bakuli la sentimita 20 kwa 20, linalotosha watu sita. Chini: mapichesi kilo 1, sukari vijiko 4 vya mezani, wanga wa mahindi vijiko 2 vya mezani (ule mweupe unaoteleza vidoleni, si unga wa sembe), maji ya limau kijiko 1 cha mezani, na chumvi kidogo. Juu: unga wa ngano gramu 100, oti gramu 80, sukari ya kahawia gramu 100, siagi baridi gramu 100, mdalasini nusu kijiko cha chai na chumvi robo kijiko cha chai. Oveni iwe na nyuzi 180 hadi 190 za Selsiasi, na iwe imeshapata moto kabla bakuli halijaingia. Huiva kwa dakika 40 hadi 50. Kama vipimo vyako viko mbali sana na hivi, hasa kwenye siagi au wanga, anza kurekebisha hapo kabla ya kusoma zaidi.

Chini kumejaa maji

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na lina vyanzo vingi, kwa hiyo usikimbilie kuongeza wanga. Chota kijiko kimoja cha juisi kutoka katikati ya bakuli. Itazame kwenye mwanga, kisha ionje.

Ikiwa nyeupeyeupe, ina ukungu, na ulimi unahisi unga, wanga haujaiva. Wanga wa mahindi huanza kuvimba kwenye nyuzi 65 hivi, lakini haushiki sawasawa mpaka juisi ikaribie kuchemka. Juu panaweza kuwa na rangi nzuri ya kahawia wakati katikati ya bakuli hakujachemka hata kidogo. Wengi hutoa hapo, wakifuata rangi na saa. Wewe fuata mapovu. Ya kwanza hutokea pembeni: ni madogo, mepesi, yanapasuka harakaharaka. Hayo bado. Subiri mpaka yaanze kupenya katikati kwenye chenga, na utaona mwendo wake umebadilika: povu linainuka polepole, linanenepa, linapasuka kwa uzito kama uji ulio tayari kuepuliwa, na juisi inayoonekana ukingoni mwa bakuli inang'aa, ule ukungu umepotea. Kutoka mapovu ya kwanza ya pembeni hadi hapo panaweza kupita dakika 10 hadi 15. Chenga zikitishia kuungua katika muda huo, laza foili juu bila kuibana, mvuke upate pa kutokea.

Wanaooka kwenye miinuko wawe na subira zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, ni kama nyuzi 95. Maana yake mapovu yatatokea mapema huku juisi ikiwa na joto dogo kuliko lile la mapovu ya Dar es Salaam au Mombasa. Ukiwa huko juu, hesabu dakika nyingine tano hadi kumi tangu katikati kuanza kuchemka.

Sasa, ikiwa juisi ni angavu, haina ladha ya unga, ila ni nyepesi tu, basi wanga umeiva lakini maji yameuzidi. Hapo mshukiwa ni tunda lenyewe. Pichesi lililoiva sana, lile linaloacha alama ya kidole ukiligusa, hutoa juisi nyingi kuliko lililoanza tu kulainika. Lililotoka kwenye friza hutoa nyingi zaidi, kwa sababu barafu imeshapasua nyama yake. Dawa yangu kwa yote mawili ni moja, na naipenda kuliko kumimina wanga mwingi unaofanya tunda lionekane limegandishwa na gundi: changanya vipande na sukari, viache nusu saa kwenye chujio juu ya bakuli, kisha chukua juisi iliyochuruzika uichemshe kwenye sufuria ndogo mpaka ipungue nusu. Ikipoa, koroga wanga ndani yake, rudishia matunda, endelea. Maji yameondoka, ladha imebaki. Matunda ya friza yafanyie hivyohivyo baada ya kuyeyuka kabisa.

Ya kopo ni habari tofauti. Yameshapikwa kiwandani na yanaogelea kwenye shira, na ukichuja kopo kubwa la gramu 820 hivi utabaki na tunda la zaidi kidogo ya nusu ya uzito huo. Kwa hiyo kopo moja halijazi bakuli nililolitaja, yanatakiwa mawili. Chuja, kausha vipande kwa kitambaa safi, punguza sukari ya chini iwe kijiko kimoja au uiache kabisa, na wanga kijiko kimoja kinatosha. Kwa kuwa tunda halihitaji kuiva tena, dakika 30 mara nyingi zinatosha, ilimradi mapovu ya katikati yaonekane.

Kuna chanzo kingine ambacho si kosa la mapishi hata kidogo: haraka. Wanga hushika sawasawa unapopoa. Krispi iliyotoka ovenini sasa hivi itaonekana ina maji hata kama imepikwa kwa ustadi wote. Iache nusu saa, ikiwezekana dakika 45, ndipo uingize kijiko. Itakuwa bado ya moto kiasi cha kuyeyusha aiskrimu.

Na kama imeshatoka, imepoa, na bado ina maji? Yenye ukungu irudishe ovenini. Yenye maji angavu, inamisha bakuli, chota juisi ya pembeni uitie kwenye sufuria, koroga kijiko kimoja cha chai cha wanga kwenye maji baridi kidogo, mimina humo, chemsha dakika moja huku unakoroga, kisha irudishe taratibu kupitia ukingoni. Usinyunyize wanga mkavu kwenye juisi ya moto. Utapata mabonge tu.

Anayetaka krispi itakayokaa friji au friza bila kutoa maji atumie wanga wa muhogo badala ya wa mahindi. Hushika kwenye joto dogo zaidi, hubaki angavu, na hustahimili kugandishwa. Nasema wanga, ule uliokamuliwa na kukaushwa, si unga wa makopa.

Chenga zimelowa, hazilii jinoni

Tazama chenga zimelowa upande gani. Vunja kipande cha juu ukigeuze.

Zikiwa kavu juu na laini chini, mvuke wa matunda ndio uliozilowesha. Tabaka la chini kabisa litalainika kidogo daima, na binafsi napenda liwe hivyo, lakini lisizidi unene wa ukucha. Likizidi, ama matunda yana maji mengi (rudi juu), ama umerundika chenga nene mno, zaidi ya sentimita mbili, mvuke ukakosa njia. Pengine ulizikandamiza kwa kiganja ili zionekane sawasawa. Zimwage tu, zikae ovyo, zenye mabonge makubwa na madogo na mianya katikati. Hiyo mianya ndiyo dohani yake.

Zikiwa laini juu mpaka chini, na zimepauka, joto lilikuwa dogo. Oveni nyingi za nyumbani husema uongo, na nyuzi 20 za tofauti si ajabu. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni ni bei nafuu kuliko mapishi manne yaliyoharibika.

Lakini chunguza pia mafuta uliyotumia. Siagi halisi ya maziwa ina mafuta asilimia 80 au zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Majarini za kupaka mkate hutofautiana mno, na baadhi zina mafuta nusu tu, nusu nyingine maji. Hayo maji unayaingiza mwenyewe kwenye unga kabla hata tunda halijatoa tone. Soma nyuma ya kopo. Ukikuta mafuta yako chini ya asilimia 70, usitumie kwa chenga, tumia kwa mkate wako wa asubuhi. Majarini ngumu ya kuokea inafaa, ingawa ladha ya siagi haiipati.

Oti nazo: zinatakiwa punje bapa nzima. Zile zilizosagwasagwa za kuiva kwa dakika moja hunywa unyevu na kugeuka uji papo hapo juu ya matunda.

Mwisho, ulifanya nini baada ya kuitoa? Ukiifunika krispi ya moto kwa mfuniko au foili, mvuke unagonga juu, unadondoka, na kazi yote imekwisha. Funika kwa kitambaa chepesi, tena ikishapoa.

Ikiwa matunda yako yanajulikana kwa maji, oka chenga peke yake kwanza. Zitandaze kwenye treya, nyuzi 170, dakika 12 hadi 15 mpaka zianze kubadilika rangi, zipoe, halafu ndipo uzimwage juu ya matunda yaliyokwisha kuanza kuchemka.

Chenga zimebaki unga mkavu, zinakaba koo

Siagi haitoshi au haikuchanganyika. Finya konzi moja: inatakiwa ishikane, kisha ivunjike ukiisukuma kwa kidole gumba. Isiposhikana, ongeza siagi kijiko kimoja kimoja. Madoa meupe ya unga juu ya krispi iliyoiva yanaweza kuokolewa: dondoshea siagi iliyoyeyushwa juu yake tu, rudisha dakika tano.

Chenga zimeyeyuka zikawa bamba moja gumu

Hapa siagi ilikuwa ya moto, na hili ni tatizo la pwani hasa. Siagi iliyoachwa mezani Zanzibar mchana hailainiki tu, inakuwa mafuta. Ukiitia kwenye unga inaunda donge, na donge likiingia ovenini linatambaa na kushikana. Ikate vipande vidogo, irudishe friji, ichanganye kwa ncha za vidole (viganja vina joto mno) mpaka unga uwe chengachenga, kisha weka bakuli zima la chenga kwenye friza dakika 15 wakati unamenya matunda. Sukari ikizidi nayo huleta bamba, kwa kuwa huyeyuka na kuganda inapopoa.

Juu kumeungua, tunda bado gumu

Shusha bakuli ngazi moja, punguza joto liwe 175, na weka foili ikishapata rangi unayotaka. Sukari ya kahawia na sukari guru huungua upesi kuliko nyeupe. Ukitumia guru, isage kabisa, kwa sababu vipande vyake hugeuka makaa.

Kama rangi ilikuwa sawa na ni tunda tu lililobaki gumu, soma sehemu ya tunda hapa chini.

Chini kumeungua, juu kumepauka

Majiko mengi ya gesi tunayotumia Afrika Mashariki yana moto wa chini peke yake ndani ya oveni. Bakuli likikaa ngazi ya chini, juisi inaganda na kuungua kitakoni wakati chenga hazijaona moto. Panda ngazi ya juu, na weka treya tupu ngazi ya chini yake ivunje makali ya moto. Treya hiyohiyo itadaka juisi itakayofurika, maana juisi ya sukari ikidondoka kwenye sakafu ya oveni hutoa moshi wenye kuingia kwenye chakula. Kama jiko lako lina gril, yaani moto wa juu, imalizie humo dakika mbili, ukiwa umesimama hapohapo.

Anayeoka kwa mkaa ana kazi ya namna yake. Sufuria kubwa yenye mchanga chini, bakuli la bati ndani, mfuniko, makaa machache chini na mengi yaliyopaliwa juu. Joto unaweza kulipata vizuri sana, ila mfuniko unafungia mvuke, na chenga haziwezi kukauka. Badala ya kushindana nao, pika matunda humo mpaka yachemke, na chenga zikaange pembeni kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha mpaka zinukie karanga. Zimwage juu wakati wa kuandaa. Kwa kweli ni tamu kiasi kwamba hata mwenye oveni anaweza kuiga.

Bakuli la kioo lililotoka friji lisiingie oveni ya moto. Hupasuka. Liache kwanza mezani lirudi joto la kawaida.

Tunda ni gumu, au ni ungaunga mdomoni

Hizi ni kasoro mbili zinazochanganywa.

Tunda gumu, lenye ukakasi, ni tunda bichi. Mapichesi ya milimani, yale yanayoteremka kutoka Usambara na kuuzwa barabarani Soni na Mombo msimu ukifika, mara nyingi huchumwa yangali magumu ili yastahimili safari. Pichesi hulainika na kupata harufu baada ya kuchumwa, lakini utamu hauongezeki sana, kwa hiyo limau na sukari vina kazi. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi mezani siku mbili au tatu. Yakinukia na kubonyea kidogo karibu na kikonyo, yako tayari. Kipimo kingine: yatumbukize kwenye maji yanayochemka sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi. Lililoiva hujivua ganda lenyewe. Ganda likikatalia, kata vipande vyembamba vya nusu sentimita na uongeze dakika kumi za moto.

Tunda ungaunga, lisilo na juisi, lenye nyama ya kahawia karibu na kokwa, limeharibiwa na baridi. Pichesi bichi likikaa friji, hasa kati ya nyuzi 2 na 8, haliwezi tena kuiva vizuri hata ukilitoa. Friji huingia baada ya tunda kuiva, si kabla. Hakuna oveni itakayorekebisha hilo. Tunda la namna hiyo lipike jamu.

Kuhusu kokwa isiyotaka kutoka: huo ni ukoo wa tunda. Kuna mapichesi yanayoshikana na kokwa na yanayoachia. Elberta, aina iliyopata jina kubwa huko Georgia, Marekani, tangu mkulima Samuel Rumph alipoizalisha huko Marshallville miaka ya 1870, ni ya kuachia, unalizungushia kisu na kulipindua likagawanyika. Ya kushikana usihangaike kuyagawa mara mbili, utayaponda. Chonga vipande kutoka nje kuelekea kokwa, ukizunguka. Kokwa lenyewe usilivunje ukatia mbegu yake kwa ajili ya harufu ya lozi. Mbegu hiyo ina amigdalini, ambayo tumboni hutoa sianidi, yaani sumu.

Ladha imepooza

Mara tisa kati ya kumi ni chumvi au limau, wala si sukari. Mapichesi yenye nyama nyeupe yana uchachu mdogo kuliko ya manjano, kwa hiyo yape maji ya limau mara mbili. Onja kipande kibichi ukishachanganya, kabla hakijaingia ovenini: kikikuchangamsha mdomo, krispi itakuwa na ladha. Mdalasini usizidi, maana hulifunika pichesi kabisa. Iliki robo kijiko cha chai au tangawizi mbichi kidogo iliyoparuzwa huliinua, na ningechagua iliki.

Vipande vikibadilika rangi kuwa kahawia kabla ya kuoka, ni hewa imefanya kazi yake kwenye nyama iliyokatwa. Limau huchelewesha hilo, na ovenini haitaonekana sana.

Jana ilikuwa safi, leo chenga zimelegea

Sukari ya kwenye chenga hunyonya unyevu, kutoka kwenye matunda na kutoka hewani, na Tanga au Mombasa hewa peke yake inatosha kuzilegeza kwa usiku mmoja. Irudishe kwenye oveni ya nyuzi 170, bila kufunika, dakika 15 hadi 20. Maikrowevu itapasha tunda moto na kuzilainisha chenga zaidi. Kama unajua mapema kwamba itabaki, tenga chenga nusu uziweke friza zikiwa mbichi. Kesho yake tandaza hizo mpya juu ya krispi ya jana na uoke dakika 20.